Habari za Sanduku Lipazalo Sauti

Mtu akipita mjini Songea siku ya Jumamosi, mavuno yakiwa yamekwisha na watu wana nafasi ya kuoza, husikia arusi kabla ya kuiona. Toka Lizaboni hata Mfaranyaki, toka Bombambili hata Ruhuwiko, sauti za wasemao na za waimbao huvuka mabonde, na mgeni hudhani ya kuwa pana mkutano wa watu elfu, kumbe ni ua mmoja wenye viti mia. Na ukiuliza, "Je, muziki umekwisha fika?" hutajibiwa habari za waimbaji wala za magitaa. Siku hizi neno hilo maana yake ni masanduku: spika mbili au nne, waya zake, na sanduku moja lenye vitufe vingi ambalo mafundi huliita miksa. Watu hukodi muziki kama wakodivyo viti na turubai.

Twapenda, wasomaji, kueleza habari za sanduku hilo, jinsi lilivyozaliwa na jinsi lilivyotufikia. Tumekwisha kuwafundisha watoto habari za reli, za kahawa na za vita, lakini chombo hiki, ambacho kimebadili namna tunavyosali, tunavyooza, tunavyozika na tunavyowasikiliza wakubwa wetu, hatukukipa hata ukurasa mmoja. Tena tunayo sababu nyingine iliyo karibu zaidi, nayo tutaisema mbele.

Kwanza tulieleze sanduku lenyewe. Mtu asemapo mbele ya kinasa sauti, umeme utokao humo ni mdogo mno, sehemu chache tu za elfu za volti moja. Spika kubwa yataka volti makumi. Basi katikati hapana budi kazi mbili zifanyike. Kazi ya kwanza ni kuzichanganya sauti nyingi: huyu mwimbaji apunguzwe, yule aongezwe, kinanda kisimfunike msomaji. Kazi ya pili ni kuutia nguvu umeme ule mdogo hata uweze kuisukuma karatasi ya spika mbele na nyuma, nayo isukume hewa. Miksa hufanya ya kwanza, amplifaya hufanya ya pili. Katika majumba makubwa ya muziki vyombo hivi viwili hukaa mbalimbali, kila kimoja na fundi wake. Lakini lipo sanduku lichukualo vyote viwili katika mwili mmoja: watia vinasa sauti upande huu, watoa waya za spika upande ule, wachomeka umeme, basi. Hilo ndilo lililoenea kwetu, maana kwaya ya kigangoni haina mafundi wawili, wala haina gari la kuchukulia mizigo.

Wazee wetu hawakuwa watu wa sauti ndogo. Ngoma ya lizombe husikika mbali usiku bila waya wo wote. Watu wa upande wa ziwa Nyasa, walipocheza mganda, ngoma iliyokua baada ya vita ya 1914–1918 kwa kuiga gwaride la askari, walitumia mabuyu yaliyotobolewa na kuzibwa tundu kwa utando wa buibui. Mtu huimba ndani ya buyu, utando hutetemeka, na sauti hutoka nene na kali kuliko ilivyoingia. Mwenye kucheka na acheke, lakini sisi twaona ya kuwa huo ni ufundi wa namna ile ile: kitu chembamba kitetemekacho kwa sauti ya mtu. Kanisani nako waashi walifanya kazi ya fundi wa umeme. Aliyeingia katika kanisa kubwa la Peramiho, lililojengwa miaka ya 1940, ajua jinsi mawe yanavyoipokea sauti na kuirudisha. Wimbo wa taratibu hupendeza humo. Lakini mhubiri asemaye upesi hupotea, neno la pili likilikanyaga la kwanza. Huko Unguja, Siti binti Saad, aliyesafiri mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya mashine za santuri, alikuwa amekwisha kupata jina kwa koo lake tu, akiimba majumbani mwa watu.

Shida ilianza kwenye dansi. Miaka ya 1930 vikundi vya jazi vilianzishwa Dar es Salaam, kisha mijini kwingine, navyo vilichanganya tarumbeta na gitaa. Tarumbeta ni ya shaba, hupigwa kwa pumzi. Gitaa ni la mti, hupigwa kwa kidole. Katika ukumbi uliojaa miguu ya wachezaji, mpiga gitaa alikuwa kama mtu anong'onaye sokoni. Mwimbaji naye alilazimika kupiga ukelele au kushika pembe ya bati mdomoni. Haikuwa haki, wala hapakuwa na la kufanya.

La kufanya lilikuwa likitafutwa Marekani. Mwaka 1906 Lee de Forest alitengeneza taa ya kioo ambayo ndani yake alitia kitu cha tatu, mfano wa wavu, kati ya vile viwili vilivyokuwamo katika taa za namna hiyo zilizotangulia. Umeme mdogo ukitiwa katika wavu, huuongoza umeme mkubwa upitao katika taa, kama mlango mdogo wa mfereji uongozavyo maji mengi ya shambani. Mwenyewe alikawia kufahamu ukubwa wa jambo alilolifanya. Lakini hata mwaka 1915 taa hizo zilikuwa zikipeleka sauti kwa simu toka pwani moja ya Marekani hata ya pili.

Mwaka huo huo wa 1915 watu wawili waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Napa, California, yaani Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham, walipaza nyimbo na maneno mbele ya umati wa watu wa San Francisco usiku wa kuamkia Krismasi. Chombo chao walikiita Magnavox, yaani sauti kuu. Tarehe 19 Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson alisema kwa chombo hicho huko San Diego, mbele ya watu wapatao 50,000. Tangu dunia kuumbwa ukubwa wa mkutano ulikuwa umepimwa kwa nguvu ya kifua cha mtu mmoja. Siku ile kipimo hicho kilivunjika. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wakaitengeneza spika ya karatasi, na zile tuzionazo leo katika arusi zetu ni watoto wake.

Katika nchi yetu watu wa shamba walianza kukutana na jambo hili kwa njia ya sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi iliyofanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, ya kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika habari za afya, kilimo na akiba. Lori lilizunguka katika Tanganyika na nchi za jirani, likichukua mashine ya picha, mashine ya umeme na vipaza sauti, maana sauti haikuwa ndani ya filamu bali katika santuri. Twaweza kuwaza jinsi watu walivyotazama picha. Lakini sisi twadhani ya kuwa wengi waliajabia zaidi ile sauti ya Kiswahili itokayo gizani bila kinywa. Kisha redio ikaanza Dar es Salaam mwaka 1951, na watu wakazoea.

Taa za kioo zilikuwa na tabia mbaya tatu: zilivunjika, zilikuwa moto, na zilitaka umeme wa nguvu. Kikundi cha dansi kilichosafiri kwa lori katika barabara zetu kilifika na vioo vilivyolegea. Mwaka 1947, mwezi wa Desemba, katika maabara ya Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa chini ya William Shockley, walionyesha kitu kidogo kifanyacho kazi ya taa bila kioo wala joto jingi. Ndiyo transista. Watu hao watatu walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1956. Bila transista sanduku letu lisingalifika Songea, na kama lingalifika lisingalikaa mwezi.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani ya kuwa kwanza palikuwa na miksa peke yake na amplifaya peke yake, kisha mtu mwerevu akaviunganisha. Sivyo. Amplifaya za zamani za mikutano zilikuwa na matundu mawili au matatu ya vinasa sauti, kila moja na kitufe chake. Hiyo ilikuwa miksa changa, imelala tumboni mwa mama yake. Vilitengana baadaye, muziki ulipokuwa mkubwa. Tarehe 15 Agosti 1965 kikundi cha Beatles kiliimba katika kiwanja cha Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Amplifaya za magitaa yao zilikuwa za wati 100 kila moja, na sauti za waimbaji zilipitishwa katika vipaza sauti vya kiwanja vilivyowekwa kwa kutangaza michezo. Wasichana walipiga makelele, na waimbaji hawakujisikia wenyewe. Ilionekana wazi ya kuwa magitaa yamekwisha kupata nguvu, lakini koo la mtu limeachwa nyuma.

Basi watu wakalishughulikia koo. Uingereza, mwaka 1967, Charlie Watkins, mwenye kampuni ya WEM, alifunga amplifaya nyingi zifuatane, moja ikiongoza na nyingine zikitii, hata akafikisha wati 1,000 katika tamasha la Windsor. Marekani, wakati ule ule, kampuni ya Shure ilitoa chombo kiitwacho Vocal Master. Hiki ndicho twakihesabu kuwa babu wa sanduku letu. Kilikuwa na njia sita za vinasa sauti, kila njia na vitufe vyake vya sauti nene na nyembamba, na ndani yake amplifaya ya wati 100. Pembeni kilisimamishiwa spika mbili ndefu kama nguzo. Vikundi vidogo vya Marekani vilikitia nyuma ya gari na kwenda navyo. Miaka iliyofuata Peavey wa Mississippi, Yamaha wa Japani na wengine wakatengeneza ya kwao, wati zikaongezeka. Wakubwa nao wakashika njia nyingine: miksa ikahamishwa hata katikati ya wasikilizaji, ili fundi asikie wasikiavyo watu, na amplifaya zikarundikwa kando ya jukwaa.

Huku kwetu habari ilikuwa nyingine kabisa, wala haikuwa habari ya wati. Ilikuwa habari ya mwenye mali. Gitaa la umeme, amplifaya na spika vilinunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na mpiga gitaa hakuwa nazo. Kwa hiyo vyombo vilinunuliwa na vyama na mashirika, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Mwaka 1964 chama cha wafanya kazi kilianzisha NUTA Jazz Band; wanamuziki walikuwa waajiriwa, na jina la bendi lilibadilika kila chama kilipobadilika jina, likawa JUWATA, kisha OTTU. Mwaka 1978 shirika la usafirishaji na taksi lilianzisha Mlimani Park Orchestra, na mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Jeshi, Polisi na JKT walikuwa na bendi zao. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta kwake wanamuziki kadha wa Mlimani Park, wakiwamo Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka. Watu walisema sana juu ya mishahara. Lakini hebu tujiulize, kama kila mwimbaji angalikuwa na sanduku lake la kupazia sauti, je, angalihitaji kuhama toka kwa bwana mmoja hata kwa mwingine? Mtu aliyehama aliondoka na koo lake tu, vyombo vilibaki.

Nayo miaka ile ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 fedha za kigeni zilikauka, na amplifaya ikiungua haikupatikana nyingine. Hapo ndipo mafundi wetu walipojifunza. Fundi wa redio alifungua, akatoa transista iliyokufa, akatia ile aliyoitoa katika chombo kingine kilichokufa kwa ugonjwa mwingine. Transfoma ilisukwa upya kwa mkono, uzi kwa uzi, fundi akihesabu mizunguko kwa midomo kama mtu asaliye. Twasema kwa heshima: wako watu wengi waliojifunza umeme katika vyuo wasioweza kazi ile.

Mwaka 1984 serikali ililegeza sheria za kuingiza bidhaa, na mwenye fedha zake mwenyewe akaruhusiwa kuleta mali. Hatua kwa hatua vinanda vidogo vya umeme, redio na amplifaya vikaonekana Kariakoo. Vijana wa mitaa ya Dar es Salaam walichukua kinanda kidogo cha Casio, wakakiunga na amplifaya kuukuu na honi za mikutano, wakaongeza ngoma za Kizaramo, wakapata mchiriku. Kikundi cha Jagwa Music kilitoka humo miaka ya 1990. Kule Kinshasa Konono No. 1 walifanya mfano wa hayo kwa likembe na sumaku za magari, na dunia ikawasikia santuri yao ya mwaka 2004 ilipotoka. Wako wasemao ya kuwa mlio ule ni mbovu. Ni mbovu kweli kweli, na vijana wale waliupenda kwa ubovu wake. Sisi tungali na shaka, lakini twakiri ya kuwa hao walikuwa wa kwanza kumiliki sauti yao wenyewe bila kuomba shirika.

Makanisani na misikitini njia ilikuwa tofauti. Huko zilitangulia amplifaya za Ahuja, kampuni ya Kihindi, na TOA ya Japani, pamoja na honi zake juu ya nguzo. Zilipendwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyingi zaweza kula umeme wa betri ya gari wa volti 12, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa wetu haikuwa na umeme mwingine. Ya pili, zilipeleka umeme wa volti nyingi na mkondo mdogo katika waya mwembamba, hata honi iliyo mbali ikapata chakula chake. Lakini honi husema, haiimbi. Sauti nene hufa ndani yake. Kwaya zilipoanza kutumia vinanda vya umeme, walimu wa kwaya wakatafuta spika za karatasi na sanduku la miksa, na kwa kuwa bidhaa za China zilikuwa zikishuka bei, wakaweza.

Tena sanduku lenyewe lilikuwa limepungua uzito. Zamani uzito wake wote ulikuwa transfoma ya chuma na mabati ya kupozea joto, maana amplifaya ya kale huutupa umeme mwingi kuwa moto. Amplifaya za siku hizi huufunga na kuufungua umeme mara laki nyingi kwa sekunde, na joto lake ni dogo. Sanduku ambalo mwanamke mmoja aweza kulichukua kichwani laweza kutoa wati 1,000. Hata hivyo msomaji asidanganywe na hesabu ya wati. Ukizizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, jambo ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili sikio liseme "imekuwa mara mbili," yapasa wati zizidishwe kama mara kumi. Wauzaji hawapendi kulisema hili.

Songea ilikaa muda mrefu na mashine za dizeli, na umeme ulikuwa wa kuja na kwenda. Mwaka 2015 Masista Wabenediktini wa Chipole walifungua kituo chao cha Tulila katika mto Ruvuma, cha megawati 5. Mwaka 2018 njia kuu ya kilovolti 220 toka Makambako ikatufikia, tukaunganishwa na gridi ya taifa. Tangu hapo biashara ya kukodi muziki imekuwa kama biashara ya bodaboda.

Sasa tuseme ile sababu yetu ya karibu. Kwaya ya kigango chetu ilichanga kwa misimu miwili, wengine kwa fedha, wengine kwa madebe ya mahindi, ikanunua sanduku la njia nane na spika mbili. Siku lilipowashwa mara ya kwanza mama mmoja mzee alilia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alisikia somo lote toka kiti chake cha nyuma. Tusiisahau siku hiyo tunapolalamika.

Kisha vijana wakasema, "Waalimu, sanduku hili limelala siku sita za juma, tulikodishe, lilete fedha." Wazee wakakataa. Tukabishana miezi mitatu, na sisi tulikuwa upande wa vijana, twakiri. Likakodishwa. Arusi ya nne, mwenye arusi alitaka spika nne, na waliolishika sanduku siku hiyo wakaziunga zote sambamba. Kila spika ilikuwa ya omu 8. Mbili zikiungwa sambamba huwa omu 4, na hapo sanduku lilikuwa katika mwisho wa uwezo wake, kama ilivyoandikwa mgongoni. Nne huwa omu 2. Spika zikifanya njia kuwa pana hivi, mkondo hupita kwa wingi, transista haziwezi, zikaungua kabla ya keki kukatwa. Ndani ya arusi ile ile wazee walikuwa wameleta ngoma za lizombe, nazo zilikuwa zimenyamazishwa tangu mchana kwa kuwa hazikusikika kando ya spika. Sanduku lilipokufa, wakaombwa wapige. Wengine walipiga. Mzee mmoja alikataa, akajifunga ngoma yake mgongoni, akaenda zake, na hatuwezi kumlaumu.

Matokeo yake hayakuwa ya fedha tu. Miezi minne tuliyokaa bila chombo, vijana tisa wa kwaya, wenye sauti bora, walikwenda kuimba kwa mtu wa mjini aliye na vyombo vyake. Alikuwa akiwalipa kidogo. Tuliwaendea, tukawaambia habari za madebe ya mahindi ya mama zao. Mmoja alitujibu kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo, lakini huko mimi najisikia ninapoimba." Tukakosa neno, tukakumbuka habari za Mlimani Park na Safari Sound tulizozieleza hapo juu, na za wale Waingereza wasiojisikia kiwanjani. Kijana hakuwa amesema uwongo. Kwetu spika zote mbili zilielekezwa kwa watu, hakuna hata moja iliyomgeukia mwimbaji, na kila tulipoongeza sauti ili ajisikie, kinasa sauti kilisikia spika, spika ikakirudishia, na ule mluzi wa kutoboa masikio ukatoka. Mluzi huo hauponi kwa kuzungusha vitufe. Huponywa kwa kuziweka spika mbele ya vinasa sauti, zikitazama mbali navyo, na kumwambia mwimbaji asogeze kinywa karibu. Hilo tulijifunza kwa kuchelewa.

Jambo jingine tulilojifunza ni la masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama wa kazi, NIOSH, imeweka kipimo: mtu aweza kukaa katika sauti ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu. Desibeli 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, na ikifika 100 ni robo saa tu. Mbele ya spika za arusi zetu hukaa nani? Watoto, kwa sababu hawana viti. Hukaa hapo toka adhuhuri hata usiku. Sisi tuwafundishao Jumatatu huwaita majina mara mbili, mara tatu, na zamani tulikuwa tukidhani ni utukutu.

Sanduku letu limekwisha kutengenezwa na fundi mmoja wa sokoni, aliyebadili transista nne na fyuzi moja, akakataa kulipwa kabla hajaliona likifanya kazi saa mbili mfululizo. Katika vijana tisa wanne wamerudi. Tumenunua spika ya tatu, ndogo, iliyo na amplifaya yake ndani, ambayo huwekwa sakafuni ikiwatazama waimbaji, nayo huungwa katika tundu lake peke yake, wala haikai sambamba na nyingine. Ngoma za lizombe zikiwapo katika shughuli, sanduku huzimwa zinapopigwa. Hilo liliandikwa katika kitabu cha mikutano. Na juu ya kifuniko tumebandika karatasi kwa herufi kubwa: SPIKA MBILI TU. Ufunguo wa kabati hukaa kwa mwalimu wa kwaya, na wa pili kwa yule mama mzee wa kiti cha nyuma.